Mgomba wa Kipande cha Pembeni

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie maneno ambayo sina. Kusoma nilijimalizia mwenyewe kwa magazeti waliyofungia maandazi, na kuandika nilijifunza kwa kuandika vipimo vya makochi: urefu, upana, kina. Mikono hii imetengeneza makochi zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwenye kiwanda cha mtu kule Jacobs, halafu kwenye karakana yangu mwenyewe hapa Umbilo, mtaa wa Durban, Afrika Kusini. Sijawahi kuomba chakula mlangoni kwa mtu. Nyumba ninayolala ni yangu. Uwanja wake nimeumwagia zege lote, ukuta hadi ukuta, kwa sababu sikutaka kitu kiote pale bila ruhusa yangu.

Ninachotaka kuandika ni habari ya mgomba mmoja.

Nyuma ya kanisa moja mtaani kwetu kuna mteremko unaoshuka mpaka kwenye kijito. Miaka ile nilipouona mara ya kwanza ulikuwa na nyasi za kiunoni, chupa zilizovunjika na magodoro yaliyooza. Nilikuwa nimeitwa kushona upya mito ya mabenchi ya kanisa. Nilipomaliza nikamwomba yule bwana mwenye funguo, mzee wa kanisa, Mhindi mtu mzima wa hapa hapa Durban, aniruhusu nisafishe pembe moja nipande maharage. Akasema panda, lakini ujue ardhi ni ya kanisa. Nikamwambia hilo nalijua kuliko wewe.

Nikapanda. Mrundi mmoja akaona, akaomba pembe yake. Wakongomani wakaja wakitaka mahali pa muhogo, kwa sababu hawawezi kukaa bila sombe, lile jani la muhogo la kutwanga. Wakaja Watanzania wenzangu, na mabibi wawili wa Kizulu na madumbe yao, magimbi fulani meusi ya huku ambayo sijapata kuyazoea. Walipofika kumi ugomvi ukaanza: huyu kachukua karibu na bomba, yule kasogeza jiwe. Wakaniita niamue kwa sababu nilikuwa wa kwanza kushika jembe pale, na kwa sababu nina sauti. Ndipo nikawaletea sheria ya kwetu.

Kwetu ni Bukoba, ingawa wa Bukoba wenyewe wangebisha. Baba alivuka kutoka ng'ambo ya mpaka kuja kuchuma kahawa za watu, akakaa. Kule ardhi ina aina mbili. Kuna kibanja, ambacho ni shamba la migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na hicho kina mwenyewe, babu na babu. Halafu kuna rweya, majani matupu ya nje ya kijiji, ya wote. Asiye na kibanja anapewa kipande kule rweya kwa msimu. Wanaolima huko ni wanawake zaidi. Wanakata majani, wanapanda njugu mawe, maharage na viazi, wakishavuna wanaondoka, na majani yanarudi. Mwaka ujao unaweza kupewa kipande kingine kabisa. Hakuna aliyesema hiki ni changu, na kwa hiyo hakukuwa na vita. Mama yangu alitulisha sote kutoka kwenye vipande hivyo.

Sheria ilikuwa moja. Usipande kitu kinachovuka msimu. Mgomba hasa usiuguse. Maharage ni mgeni anayekula akaondoka, lakini mgomba ukishausimika umejenga. Hapo si rweya tena, ni kibanja, na wewe ndiye mwenyewe, na wajukuu zako pia.

Baba aliupanda mmoja. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Aliufunika kwa majani ya viazi, kana kwamba mgomba ni kitu cha kufunika. Wazee wa kijiji walikuja asubuhi, wanne, pamoja na yule mwenye shamba tuliloishi pembeni yake. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walisimama tu, wakamwambia aung'oe mwenyewe, na sisi watoto tuangalie. Akaung'oa. Mama alikuwa anapukuchua maharage pembeni, hakuacha kupukuchua. Msimu uliofuata hatukupewa kipande. Ndiyo habari yote. Sikulia wakati ule na sikulia baadaye. Sikuwahi kumuuliza baba aliupandia nini.

Basi hapa Umbilo nikaweka hivi. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kabla mvua hazijaanza, ni siku ya kurudisha. Kila mtu anasafisha kipande chake mpaka kinabaki udongo mtupu. Muhogo ung'olewe, madumbe yachimbwe, hata miti ya kushikizia nyanya itolewe. Majembe yanalazwa chini. Kwa saa moja hivi mteremko mzima unakuwa hauna mtu. Vipande ni ishirini na viwili, vyote vyeusi, huwezi kujua nani alilima wapi. Halafu vizibo vya soda, ambavyo nimeviandika namba kwa msumari, vinatiwa kwenye kofia yangu, kila mtu anachota. Mimi huchota wa mwisho. Ulichochota ndicho unacholima, hakuna kubadilishana. Watu mwanzoni walilalamika. Baadaye wakaona kwamba aliye mbali na bomba mwaka huu atakuwa karibu nalo mwaka ujao, wakanyamaza. Kanisa nalo likapenda. Kila Agosti walikuja, wakaona udongo mtupu, wakatupa mwaka mwingine.

Mwanamke ninayetaka kumtaja ni Mrundi, mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani. Alikuwa amekaa nasi misimu minne bila neno. Mwaka ule alichota kipande cha pembeni, cha chini kabisa kwenye kijito, ambacho wengi hawakipendi kwa sababu ya matope na tumbili. Yeye alikipokea akasema asante. Akazungushia mahindi, nyuma ya mahindi muhogo. Nikamwona mchapakazi.

Mwezi wa saba alipokata mahindi, mimi nikiwa nashuka kukagua, nikauona. Mgomba. Umeshanipita kimo, na umeshatoa mkungu, vidole vyake bado vyembamba na ua linaning'inia. Aliusimika nyuma ya muhogo mara tu baada ya Agosti iliyopita, na pale kwenye maji ya kijito ulikuwa umekimbia kama mwizi.

Nikamuuliza, "Mama, hii nini?"

"Muzee, shikamoo."

"Marahaba. Hii nini?"

"Ni kamugomba tu, muzee. Kamoja."

"Kakubwa kuliko mimi."

"Kanapenda maji," akasema.

"Sheria unaijua."

"Naijua. Minaomba kitu kimoja tu. Ungoje mukungu ikomae. Ikishakatwa, basi."

Hapa nataka nieleweke. Mtu aliyelelewa penye migomba hakati mgomba wenye mkungu mchanga. Ni kama kuchinja ng'ombe mwenye mimba, hata kama ng'ombe si wako. Nikautazama ule mkungu na mdomo wangu ukasema haya, tutasubiri. Wakati huo huo kichwani nilijua nimesema nini. Mgomba hauna mwisho. Mama akiwa na mkungu, mtoto ameshatoka pembeni ya shina. Ukikata mama, mtoto amefika kifuani. Ukisubiri mkungu unasubiri milele. Hata mtoto wa darasa la kwanza kule kwetu analijua hilo, na yeye alijua kwamba ninajua.

Agosti ilipofika, kile kizibo cha kipande cha pembeni sikukitia kwenye kofia. Nilikiweka mfukoni. Watu walihesabu, si wajinga. Walioomba kipande walikuwa wengi kuliko vipande, kwa hiyo mmoja alirudi nyumbani mikono mitupu mwaka ule kwa sababu yangu. Wa kanisa walitazama kutoka juu bila kushuka matopeni, wakatupa mwaka.

Kinyozi mmoja Mkongomani, mcheshi, mwenye kipande jirani, akaniambia mbele ya wote, "Muzee, utangoja nini? Leo iko mama, kesho iko mutoto, kesho kutwa iko mujukuu. Utangoja mpaka Yesu arudi, naye atakuta iko na mukungu."

Wakacheka. Mimi pia nilifungua meno. Nikasema, "Ukikatwa huu mmoja, basi."

"Sawa, muzee. Wewe ndio président."

Mkungu ulikomaa mwezi wa kumi na moja. Akaukata, akagawa. Kila kipande kilipata ndizi kadhaa, na mimi niliwekewa vichana viwili kwenye mfuko wa plastiki, vimefungwa vizuri. Nilizila, zilikuwa ndizi nzuri. Na yule mtoto wa mgomba alikuwa ameshafika kifuani, kama nilivyojua.

Nikamwambia, "Mama, mkungu umekatwa."

Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye palizi, "Ndiyo, muzee. Lakini hii ni ingine."

Nikaondoka. Nilikuwa na kochi la watu la kumalizia.

Kitu kikishaachwa kwa mmoja hakikai kwa mmoja. Kufika mwezi wa tano yule kinyozi alikuwa na mlimau. Nilipomuuliza akasema ule ni mche tu, hauna umri. Mtanzania mwenzangu alipandisha mipesheni kwenye nguzo alizozimwagia saruji. Mwingine aliweka kibati cha kujikinga jua, halafu akakizungushia mbao pande tatu, akaweka kiti ndani, na kufuli nje. Niliona yote. Kila nilipofungua mdomo mtu alitazama chini kijitoni, kwenye mgomba, na mimi nikafunga mdomo.

Mwezi wa sita akaja yule bwana mwenye funguo. Tuliteremka naye polepole, magoti yake ni mabovu kama yangu. Alitazama mlimau, akatazama nguzo, akatazama kibati na kufuli lake. Alipofika kwa mgomba akasimama muda mrefu. Tunaongea Kiingereza, changu cha kuokoteza, chake cha hapa, lakini tunaelewana.

Akasema, "Babu yangu alilima bonde hili hili. Spinachi, bizari, maua ya kuuza. Na ndizi."

"Kipande chake kilikuwa wapi?"

"Zile ndizi unaziona kule ng'ambo ya uzio, kando ya kijito? Zile zinazoota ovyo. Serikali ya ubaguzi ya wakati ule ilipowahamisha watu wetu, walibeba mabati, walibeba milango. Ndizi hazikuhama."

Nikazitazama. Miaka yote nilidhani zile ni za mwitu.

"Mimi mgomba haunisumbui," akasema. "Lakini mimi si kanisa. Kwenye komite tuko tisa, na sita wanataka hapa pawekwe lami, pawe pa kuegesha magari. Kila mwaka nawaambia hawa watu hawamiliki, angalieni wenyewe, wanarudisha. Agosti watakuja kuangalia. Wakikuta udongo mtupu, nina neno la kusema. Wakikuta nyumba na kufuli, sina."

Hakunitisha. Alikuwa mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Wiki ile niliita mkutano. Niliwaambia nilichoambiwa, maneno yale yale. Kinyozi aling'oa mlimau wake siku hiyo hiyo, hakufanya mzaha hata mmoja. Kibati kikaondoka, na nguzo zikavunjwa kwa nyundo. Ukabaki mgomba. Hakuna aliyeutaja. Watu ishirini na mmoja walikuwa wananitazama mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye kipande chake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua lengalenga, mchicha wa kwao. Mgomba ulikuwa nyuma yake. Mkungu bado haukuwa umetoka, na kwa hilo nilishukuru. Nikakaa juu ya jiwe.

"Mama, umesikia ya mkutano."

"Nimesikia."

"Siwezi kusubiri tena."

"Najua, muzee."

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema bei ya vitambaa, "Iko kitovu cha mujukuu yangu pale chini."

Nikautazama mgomba. Akaendelea mwenyewe. Binti yake alijifungua hapa Durban. Mtoto alipofikisha miezi mitatu binti akaenda Cape Town kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, sasa hapigi. Mtoto hana karatasi. Ya huku wanamwambia lete mama yake, ya kwao Burundi wanamwambia hakuzaliwa kule. Kila akienda ofisini anaambiwa arudi wiki ijayo. Kitovu cha mtoto kilipodondoka alikihifadhi kwenye kitambaa zaidi ya mwezi, akikosa pa kukizika, kwa sababu anaishi ghorofa ya tatu. Alipochota kipande cha pembeni akatafuta mtoto wa mgomba, akachimba, akaweka kitovu, akasimika mgomba juu yake. Kwao ndivyo wanavyofanya, na kwetu pia.

"Siku moja atauliza yeye ni wa wapi," akasema. "Ningemuleta hapa, nimuonyeshe. Ni hivyo tu."

Sasa hapo mimi nikahesabu. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa msimu ule baba alipopanda mgomba rweya. Inawezekana ndiyo, inawezekana siyo. Baba alishakufa, mama alishakufa, na huyo mdogo wangu mwenyewe hakufika miaka miwili. Nilihesabu tu. Ilikuwa kama kupima kochi la mtu.

Nikamwambia, "Uhamishie kwangu. Nina uwanja. Nitavunja zege, nitakuchimbia shimo kubwa, la mbolea. Hakuna komite pale."

Mimi mwenyewe nilisikia maneno hayo yanatoka. Zege lile ni la inchi sita.

Akaacha kuchambua. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Kwako, muzee? Mujukuu yangu awe mugeni kwenye kibanja chako? Kila mwaka nikuletee pombe ya asante, nipige magoti mulangoni?"

"Nani kasema upige magoti?"

"Hakuna anayesema. Inakuwa hivyo tu. Wewe iko mutu muzuri. Lakini kitovu kikiwa kwako, mutoto ni wa kwako. Mimi nimekaa kwa watu maisha yote. Yeye hapana."

Hakukuwa na kosa katika alichosema. Baba alimpelekea mwenye shamba pombe kila mwaka, pombe ya kununua, kwa kuwa ndizi za kukamulia hakuwa nazo. Nilikuwa naibeba mimi.

"Nitaung'oa mwenyewe," akasema. "Usinitumie mutu."

Siku ya kurudisha ilikuwa na upepo wa baharini na baridi kidogo. Watu walimaliza vipande vyao mapema kuliko mwaka wowote. Walikaa juu ya mteremko kwenye nyasi, majembe yamelala, wakatazama chini. Yeye alikuja na sururu ya kuazima. Kwanza alikata majani ya mgomba moja moja, akayapanga. Kisha akakata shina. Maji yakamwagika, mgomba ni maji matupu. Kisha akaanza kuchimba. Kinyozi alishuka kumsaidia, akamwambia, "Mama, lete nipige kidogo," naye akampa mgongo, kwa hiyo kinyozi akabaki amesimama na mikono yake.

Mimi nilisimama karibu, juu kidogo ya kipande, kwa sababu mzee wa bustani lazima aone kipande kimesafishwa. Baada ya muda nikatambua kwamba nimesimama upande ule aliosimama mwenye shamba siku ya baba. Mikono nyuma, vile vile. Nililiona hilo waziwazi na nikasubiri nijisikie kitu. Sikujisikia kitu. Nilisikia kiu.

Alitoa tunguu zima pamoja na kitoto kidogo kilichokuwa kimeota ubavuni. Kitoto akakikata, akakitia kwenye kiroba cha unga. Kisha akapiga magoti, akachota udongo wa chini ya shimo kwa mikono yake, taratibu, akaujaza kwenye ile ndoo yake. Hakuchambua kuona kama kuna kitu. Kitovu cha miaka karibu miwili ni udongo.

Alipomaliza akapita mbele yangu na ndoo mkono mmoja, kiroba mkono mwingine.

"Kipande kiko safi, muzee."

"Subiri uchote kizibo."

"Hapana, asante. Wape wengine."

"Mama, una haki ya kipande kama mtu yeyote."

"Haki ninayo," akasema. "Kaa nayo unishikie."

Akapanda mteremko. Alipofika juu hakugeuka kulia kwenda barabarani, aligeuka kushoto kufuata uzio. Mimi nilikuwa bado nimetazama. Mwisho wa uzio kuna mahali waya umekatika, tumbili hupitia hapo. Akapitia hapo, akashuka kijitoni. Akaingia kwenye zile ndizi za yule babu, nikaacha kumwona. Alipotoka, ndoo ilikuwa inaning'inia nyepesi na kiroba alikuwa amekikunja kwapani.

Nusu saa baadaye walifika wale tisa wa kanisa na viatu vyao. Walizunguka. Mmoja alipiga picha kwa simu. Mwingine aliuliza lile shimo la chini ni la nini, nikamwambia ni la takataka, tutalifukia. Yule bwana mwenye funguo alitazama shimo, kisha akatazama ng'ambo ya uzio. Wakatupa mwaka.

Tukachota. Vizibo vyote ishirini na viwili vilikuwa kwenye kofia safari hii, na nafasi ya yule mama alipewa yule aliyerudi mikono mitupu mwaka uliopita, awe wa ishirini na mbili. Kofia ilizunguka. Ilipofika kwangu kilikuwa kimebaki kimoja, na sikuwa na haja ya kukigeuza kusoma namba. Kila mtu alikuwa amekwisha kutaja namba yake, na ya pembeni haikuwa imetajwa.

Kinyozi akasema, "Eish, muzee." Basi.

Nikafukia shimo. Mvua za kwanza zilipokuja nikapanda maharage. Yalikubali sana, penye mgomba udongo huwa mwema. Huyo mama namwona mara moja moja pale Umbilo Road, kwenye roboti, zile taa za magari, akingoja kuvuka na mtoto mkononi. Mtoto anatembea sasa. Tunasalimiana. Sijamuuliza kama kule kijitoni kimeshika, na kutoka kwangu siwezi kujua. Ndizi kule ni nyingi, zimesongamana, kubwa na ndogo, na za nani ni za nani hakuna anayejua.

Mwezi wa kumi, katikati ya maharage yangu, ikatoka ncha. Nilidhani ni gugu. Nikainama, nikaona imejiviringa kama karatasi, kijani chenye wekundu kidogo. Alichimba vizuri yule mama, lakini tunguu la mgomba ukiacha kipande cha ukubwa wa ngumi kinatosha.

Nilichukua kisu nikaikata usawa wa ardhi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa imerudi, ina kimo cha kiganja. Nikakata. Imerudi tena. Kila Jumamosi nashuka, nakata, natandaza majani makavu juu yake ili asiione mtu, kisha napalilia maharage. Watu wananiona nimeinama pale wanasema mzee ana bidii.

Kwetu Bukoba kila mtoto anajua kwamba mtoto wa mgomba ukimkata juu hafi. Unamchelewesha tu, na chini anazidi kunenepa. Ukitaka kumuua lazima uchimbe, utoe mzizi wote, kazi ya robo saa kwa mtu mwenye sururu.

Sururu ninayo. Mimi nakata juu.